Monster: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu Tenma, Johan na wenzao

Monster ni anime ambayo mtu akiimaliza lazima atafute wa kuongea naye, na maswali yanayotoka huwa ni yale yale. Nimeyapanga hapa kuanzia ya mtu ambaye hajaigusa kabisa mpaka yale ya mwisho mwisho yanayogombanisha watu. Sehemu ya kwanza haina spoila ya kuharibu utamu. Kuanzia sehemu ya Tenma naongea kila kitu, kwa hiyo kama bado unaangalia ishia hapo, rudi ukimaliza.

## Kwa ambaye hajaanza

Monster inahusu nini?

Ni anime ya epi 74 kutoka studio ya Madhouse, ilirushwa Japani kuanzia 2004 mpaka 2005, muongozaji ni Masayuki Kojima. Imetokana na manga (katuni za vitabuni) ya Naoki Urasawa aliyoanza kuichora 1994 akaimaliza 2001, juzuu 18, na mwaka 1999 ilichukua tuzo kuu ya Tezuka Osamu ambayo kwenye mambo ya manga ni heshima kubwa sana.

Stori yenyewe inaanzia Düsseldorf, Ujerumani Magharibi, mwaka 1986. Kenzo Tenma ni Mjapani, bingwa wa upasuaji wa ubongo, kijana, mikono yake inasifiwa hospitali nzima na mchumba wake ni binti wa mkurugenzi. Usiku mmoja analetwa mtoto wa kiume amepigwa risasi kichwani, na muda huo huo analetwa meya wa jiji, naye hali mbaya. Mkurugenzi anasema mwache mtoto, mshughulikie meya. Tenma anamfanyia mtoto. Miaka tisa baadaye anagundua yule mtoto amekuwa muuaji, tena si muuaji wa kawaida. Hamna majini humo wala mtu mwenye nguvu za ajabu, ni binadamu mwanzo mwisho.

Ni kama Death Note?

Watu wanazilinganisha kwa sababu zote ni thrila za kisaikolojia na zote ni kazi za Madhouse, Death Note ilikuja baada yake kidogo, 2006 hadi 2007, epi 37. Lakini ladha ni tofauti kabisa. Kwenye Death Note unakaa kichwani mwa Light, mhusika mkuu, unasikia mahesabu yake yote, raha yake ni ya mchezo wa akili. Johan wa Monster, yaani yule mtoto aliyeokolewa, huingii kichwani mwake karibu hata mara moja. Unamjua kupitia watu aliowapitia, mlezi aliyemlea miezi kadhaa, mwanafunzi mwenzake, mzee aliyekuwa akimsomea vitabu, na kila mmoja ana Johan wake. Kama unataka spidi nenda Death Note. Kama unataka kitu kitakachokusumbua wiki nzima baada ya kukimaliza, kaa hapa.

Mbona inaenda taratibu? Naweza kuruka epi?

Usiruke. Ni kama saa 30 hivi zote kwa pamoja na najua bando linauma, ila zile epi ambazo Tenma anafika kijiji fulani anakutana na watu ambao hutawaona tena, ndo hoja yenyewe ya anime. Kuna ile ya Hugo Bernhardt, mwanajeshi wa kukodiwa aliyestaafu, Tenma anaenda kwake kujifunza kulenga bunduki, na ndani ya ile nyumba kuna binti mdogo ambaye mama yake aliuawa na huyo huyo mzee vitani na sasa ndiye anayemlea. Mtu anayeruka anaona epi ya mazoezi ya bunduki. Asiyeruka anaona swali zima la anime limewekwa mezani mapema: mtu aliyeua anaweza kuishi vipi na mtoto wa aliyemuua, na yule mtoto anaweza kucheka tena?

Kwanini imewekwa Ujerumani na si Japani?

Kwa sababu stori inahitaji nchi iliyokufa. 1986 ukuta wa Berlin bado umesimama, 1989 unaanguka, na stori inapoendelea 1995 Ujerumani Mashariki haipo tena, Czechoslovakia nayo imeshagawanyika, polisi wa siri wamebadilisha majina wamekuwa wafanyabiashara au wazee wa kawaida wa mtaani. Maisha ya utotoni ya Johan yalitengenezwa na serikali ambazo hazipo, kwa hiyo hakuna ofisi ya kwenda kuuliza na hakuna wa kumshtaki. Hili Japani lisingewezekana.

Halafu kuna suala la wahamiaji ambalo wengi wanalipita. Mtu wa kwanza anayekufa kwa sababu ya hesabu za mkurugenzi ni kibarua wa ujenzi Mturuki. Baadaye kuna kundi la Wanazi mamboleo linalotaka kuchoma mtaa wa Waturuki Frankfurt. Urasawa hakulitoa hewani hilo, mwaka 1992 nyumba za familia za Kituruki zilichomwa moto mjini Mölln na 1993 mjini Solingen, watu wakafa wakiwemo watoto, na manga ilianza 1994.

## Tenma (spoila zinaanzia hapa)

Tenma alikosea kumwokoa Johan?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote na jibu langu ni hapana, hakukosea, na nadhani anime nzima imejengwa ili ufikie hapo mwenyewe.

Watu wanasahau kilichotangulia. Kabla ya usiku wa Johan kuna usiku mwingine, yule Mturuki alifika hospitali kwanza, Tenma akaamriwa amwache akamfanyie mwimbaji maarufu wa opera aliyefika nyuma yake. Akatii. Mwimbaji akapona, Tenma akapigiwa makofi, na kesho yake mke wa yule kibarua akamkuta korido akiwa na mtoto akamwambia mume wangu alifika kabla, kwanini hukumtibu wewe. Hana jibu. Na mchumba wake Eva anampoza kwa maneno ambayo kwangu ndiyo kauli mbaya kuliko zote kwenye anime hii, kuliko hata za Johan, kwamba maisha ya watu hayalingani.

Kwa hiyo Johan anapoletwa, Tenma hachagui kati ya mtoto mwovu na meya mwema. Hajui lolote kuhusu huyo mtoto. Anachagua kati ya kuwa daktari na kuwa mtumishi wa mkurugenzi. Anayesema angemwacha afe anatumia habari ambazo ndani ya chumba cha upasuaji hakuwa nazo mtu yeyote, na akikubali hoja hiyo inabidi akubali pia kwamba daktari awe anapima kwanza mgonjwa huyu atakuja kuwa nani, na hiyo hesabu ndo ile ile ya mkurugenzi.

Kinachomtesa Tenma si kosa la kazi, ni kwamba jambo sahihi limezaa maiti. Hilo ni zito zaidi kuliko kosa, maana kosa unaweza kuliombea radhi.

Lakini si ni yeye aliyesema mkurugenzi afe?

Ndiyo, na hapa ndo pana hatia ya kweli ukitaka kuitafuta. Baada ya meya kufa Tenma ananyang'anywa cheo, Eva anamwacha, naye anaenda kukaa pembeni ya kitanda cha yule mtoto aliyelala hajitambui anamwaga hasira zote, kwamba watu kama mkurugenzi wangekufa tu. Alidhani anaongea na mtoto asiyesikia. Muda si mrefu mkurugenzi Heinemann na madaktari wawili wanakufa kwa pipi zenye sumu, na Johan na dada yake pacha wanatoweka hospitali.

Sheria haimkamati mtu kwa maneno ya hasira. Ila Tenma anajua kwamba kifo cha Heinemann kilimrudishia cheo, na Johan akija kukutana naye miaka tisa baadaye anayazungumza kama fadhila, umeniokoa nami nikakutimizia. Sidhani kama kuna zawadi ya kutisha zaidi ya hiyo.

Anaamini maisha yote ni sawa, mbona anabeba bunduki?

Anajikanyaga, na anime haijifichi hapo. Anabeba bunduki kwa sababu anaona amemwachilia duniani mtu anayeua na ni jukumu lake kulifunga alilolifungua. Lakini angalia anafanya nini njiani: kila akipita mahali anatibu. Anasakwa na polisi, anaweza kukamatwa dakika yoyote, na bado anasimama kumshona mtu. Mkono mmoja umefundishwa kulenga, mwingine haujaacha udaktari, na kwa epi zaidi ya 60 unasubiri uone upi utashinda. Jibu liko kwenye swali la Ruhenheim, kamji ambako stori inaishia, huko chini.

## Johan

Johan alizaliwa mwovu au alitengenezwa?

Hapa ndo watu wanagombana, na kila upande una ushahidi wake.

Wanaosema alitengenezwa wanataja Kinderheim 511, kituo cha watoto yatima Berlin Mashariki ambako watoto walifutwa majina, kumbukumbu na hisia ili wawe askari kamili. Wanataja pia Jumba la Waridi Jekundu huko Prague, ambako Franz Bonaparta alikuwa anawasomea watoto vitabu vya picha alivyoandika mwenyewe kuwabadilisha akili. Na wanataja ule usiku mama yao alipolazimishwa kutoa mtoto mmoja kati ya mapacha.

Shida ni kwamba kila sababu ina shimo. Johan hakuharibiwa na 511, yeye ndiye aliyeiharibu, aliwachonganisha walimu na watoto mpaka wakauana wenyewe kwa wenyewe na yeye amekaa anaangalia. Na aliyepelekwa Jumba la Waridi Jekundu akashuhudia watu wengi wakifa kwa sumu hakuwa Johan, alikuwa dada yake pacha, Nina. Johan alibaki nyumbani. Nina aliporudi akamsimulia kila kitu, Johan akameza ile hadithi mpaka ikawa kumbukumbu yake.

Sasa fikiria: aliyeyaona kwa macho amekua binti anayesoma sheria Heidelberg, mchangamfu, anapenda watu. Aliyesimuliwa tu ndiye amekuwa vile. Na Grimmer (tazama swali lake) alitoka 511 hiyo hiyo. Mi naamini anime inakataa makusudi kukupa sababu moja, kwa sababu ukishaipata utapumua, utasema aah kumbe ni kwa ajili ya kile kituo, na utaacha kujiuliza. Mateso yanaeleza mengi kuhusu Johan lakini hayamalizi hesabu.

Anataka nini hasa?

Inabadilika. Mwanzoni anacheza na pesa chafu na watu wa giza. Akiwa Munich anajisogeza kwa tajiri Schuwald. Halafu ndani ya maktaba anakutana na kitabu cha picha cha utotoni, kile cha jitu lisilo na jina, anakisoma na anaanguka pale pale, na kuanzia hapo mwelekeo unageuka. Anaacha kujenga, anaanza kufuta. Kila aliyemjua anakufa. Anachokitaka ni kufa bila dunia kubaki na alama kwamba aliwahi kuwepo, ndo maana Inspekta Lunge akifika Ruhenheim anaongelea kujiua kuliko kamili.

Isipokuwa mtu mmoja, Tenma, ambaye Johan anataka abaki na aone. Anataka aliyemwokoa ndiye ammalize, ili ithibitike kwamba ile imani ya maisha kulingana ilikuwa uongo. Kwenye kichwa cha Johan kitu pekee ambacho binadamu wote wanalingana nacho ni kifo.

Inawezekanaje mtu akaua kwa maneno tu?

Angalia epi ya Richard Braun, ambayo kwangu ndiyo inayotisha kuliko zote na haina hata tone la damu. Richard ni askari polisi wa zamani, alimpiga risasi kijana muuaji wa miaka 17, akajitetea kwamba alikuwa amelewa, akapoteza kazi na familia, akaacha pombe, sasa anajijenga upya na anakaribia kumwona binti yake. Johan anakaa naye juu ya paa usiku anaongea naye kwa upole. Anamwambia tu kwamba siku ile hukuwa umelewa. Ulikuwa mzima, ulitaka kumuua.

Basi. Hatumii uongo. Anatafuta ile sehemu ambayo mtu ameijengea maisha yake yote juu ili asiione, anaifunua, kisha anamsogezea chupa. Ndo maana silaha yake haifanyi kazi kwa mtu ambaye ameshajikubali na makosa yake.

Jina lake la kweli ni lipi?

Hatuambiwi. "Johan" limetoka kwenye kile kitabu cha picha, na Jenerali Wolf, aliyewaokota mapacha mpakani, ndiye aliyekuja kumwita hivyo. Mwishoni Tenma anaenda kumwona mama yao akayapata majina halisi, sisi watazamaji tunaachwa nje. Naona ni haki. Lile jina ni la wanawe na mama yao.

## Wengine

Grimmer ni nani na kwanini kila mtu anamlilia?

Wolfgang Grimmer ni mtu wa 511 aliyekuja kuwa jasusi wa Ujerumani Mashariki, na baada ya nchi yake kuisha anatembea kama mwandishi wa habari akichunguza kilichofanywa kwa watoto. Anatabasamu muda wote, na unakuja kuelewa taratibu kwamba lile tabasamu alifundishwa. Hajui mtu anacheka lini. Alikuwa na mke na mtoto, mtoto akafa, mke analia yeye amesimama tu anajiuliza avae sura gani, mpaka mke akaondoka.

Akizidiwa anapoteza fahamu na anayetoka ni Steiner, shujaa wa kipindi cha TV cha utotoni, na akizinduka anakuta watu wamelala chini. Huko Ruhenheim ndo mara ya kwanza anaingia kwenye hatari kwa akili zake mwenyewe, si kama Steiner, kulinda watu. Anapigwa risasi, na akiwa anakufa huzuni ya mtoto wake inamfikia. Anasema hisia zake hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimepotea tu. Kwa maneno hayo anaangusha nadharia nzima ya 511, na anailipia kwa uhai wake. Ukiniuliza nani hasa alimshinda Johan kwenye anime hii nitakutajia Grimmer kabla ya Tenma.

Lunge ni adui?

Hapana, ila utamchukia muda mrefu. Ni inspekta wa polisi ya shirikisho, anachezesha vidole hewani kama anachapa ili kuhifadhi kila kitu kichwani. Anaamini Johan hayupo, kwamba ni nafsi ya pili ya Tenma, na anaing'ang'ania nadharia hiyo huku mkewe na binti yake wanaondoka nyumbani na hana habari. Tatizo lake ni kudhani mtu ni jumla ya taarifa zake. Ila akishajua amekosea anakubali uso kwa uso na kumwomba Tenma radhi, na wanaume wa aina yake huwa hawafanyi hivyo.

Eva anasamehewa?

Anime inampa muda, na muda ndio msamaha wake. Binti wa mkurugenzi aliyesema maisha hayalingani anakuja kuwa mlevi asiye na kitu, yaani anaishi upande ule wa hesabu aliokuwa akiudharau. Na pale anapopendwa na Martin, mlinzi wake, anachelewa kulijua mpaka Martin ameshakufa.

Na Roberto?

Ni mfuasi wa Johan anayemfanyia mauaji. Katoka 511 kama Grimmer, njia ikawa nyingine. Msome pamoja na swali la Johan kutengenezwa.

## Mwisho wa anime

Ruhenheim ilitokea nini, na kwanini Tenma hakufyatua?

Ruhenheim ni kamji kadogo ambako Bonaparta alijificha kwa jina la Klaus Poppe, anaendesha hoteli. Johan anapanga mji mzima ujimalize: bunduki zinaingizwa, hofu inapandwa, majirani wanaanza kuuana, ni 511 ya watu wazima. Bonaparta anauawa na Roberto. Kisha Johan anasimama mbele ya Tenma anamlengea bastola mtoto mdogo, Wim, na kuonyesha paji la uso wake, ampige hapo.

Nina anafika na anamwambia kaka yake amemsamehe. Johan anajibu kwa namna ya kwamba kuna vitu havirudi nyuma. Anayefyatua mwishowe ni baba yake Wim, mlevi ambaye mji mzima ulimdharau, na kwa macho yake amemwona mwanae karibu kufa. Wengine wanaona Urasawa alimtoa Tenma kwenye kona kwa bahati. Mi naona vingine, kwa sababu mtihani wa Tenma haujaisha pale, unaanza: Johan amelala na risasi kichwani, mvua inanyesha, na daktari yupo.

Na anamfanyia upasuaji tena. Safari hii anajua kila kitu. Ile hoja ya "hakujua" niliyotumia kumtetea juu kule haipo tena, na bado anachagua vile vile. Ndo maana nasema hakukosea mara ya kwanza.

Mama alimtoa nani, na kwanini?

Aliyechukuliwa ni Nina. Mama alikuwa anawavalisha wote kama wasichana ili mtu asiwatofautishe, na alipolazimishwa kuchagua akasitasita. Kinachomtafuna Johan ni kwamba hajui: mama alikuwa anataka kumwokoa yeye, au aliwachanganya? Yupi ndiye hakutakiwa? Hakuna jibu litakaloponya hapo. Kama alichaguliwa basi dada yake alitupwa, kama ilikuwa bahati basi yeye ndiye aliyetakiwa kutupwa.

Kitanda kitupu maana yake Johan alitoroka?

Tenma anamtembelea hospitali, Johan anaonekana kuamka na kumuuliza habari hiyo ya mama, halafu inageuka kuwa labda ni mawazo ya Tenma tu, anaondoka, na picha ya mwisho ni kitanda hakina mtu. Wapo wanaosema katoroka ataua tena. Wapo wanaosema ndo lile jitu la kwenye kitabu limekwisha na kilichobaki ni mtu mwenye jina. Mi nipo na hawa wa pili, kwa sababu Tenma alimletea taarifa kwamba mama aliwapa majina, na Johan aliyeishi kwa kuamini hana jina hana tena sababu ya kufuta alama. Ila ukiwa wa kundi la kwanza sikulaumu, hakuna kilichoonyeshwa kinachokukanusha.

Tenma aliishia wapi?

Akasafishwa jina, akaenda kufanya kazi na Madaktari Wasio na Mipaka. Anaendelea kutibu bila kuuliza nani ni nani.

Kuna sizoni ya pili?

Hamna. Anime imefuata manga karibu hatua kwa hatua mpaka mwisho, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kutengenezea. Kuna kitabu cha Urasawa kinaitwa Another Monster, kimeandikwa kama uchunguzi wa mwandishi wa habari anayewahoji watu waliopitia yale matukio. Kisome baada ya epi ya 74, si kabla.